Nesi na Tairi Lililolika Upande Mmoja

Nesi hakupenda kuambiwa kwamba pikipiki yake ni kubwa kuliko yeye. Ukithubutu kumwambia, alikutazama kuanzia viatu mpaka utosini, kisha akakuuliza, "Na wewe, mke wako si mkubwa kuliko wewe? Mbona unaishi naye?" Watu wakacheka, naye akavaa helmeti yake, akapanda, akaondoka bila kungoja jibu.

Banda langu la kutengeneza pikipiki liko Kayole, Nairobi, kando ya barabara ambayo vumbi lake halilali. Wateja wangu karibu wote ni vijana wa boda boda, na pikipiki zao ni zile nyepesi ambazo mtu akikasirika anaweza kuinua moja akaitupa. Ya Nesi ilikuwa ya safari ndefu. Ilikuwa na injini pana kama kifua cha fahali, kioo cha kukinga upepo mbele, kiti cha ngozi cha watu wawili, na masanduku mawili nyuma, moja kila upande. Mumewe ndiye aliyeinunua, enzi alipokuwa akiendesha malori ya masafa marefu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuiendesha. Vijana waliiita nduthi ya mdosi, yaani pikipiki ya tajiri, na ilipoingia bandani mwangu waliacha wanachofanya wakaja kuishika.

Nilipomfahamu alikuwa amekwisha kustaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika wodi za kina mama wanaojifungua, na mtaani kwao Umoja hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Nesi kwa wazee, Nesi kwa watoto, Nesi hata kwa padri. Mimi nilimwita Mama tukiwa tunaongea vizuri, na Nesi tukiwa tunabishana.

Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mteja mwingine. Kabla hata ya salamu alichutama kando ya gurudumu, akaweka kiganja juu ya tairi na kukipitisha polepole, macho kayafumba, kama anayepapasa tumbo la mjamzito kujua mtoto amelala vipi. Kisha akainuka akishika magoti na kusema, "Haya fundi, sasa tusalimiane. Sasa?"

"Poa, Mama."

Sheng yake, ile lugha ya vijana wa Nairobi, ilikuwa ya zamani, ya wakati mimi bado nanyonya. Alipokwenda Gikomba kutafuta koti la ngozi kwenye marobota ya mitumba, aliwasalimu wauzaji kwa maneno ambayo baba zao waliyaacha, nao walimpenda kwa hayo na kumpunguzia bei. Koti alilolipata huko alilivaa kila mahali. Jumapili aliingia kanisani nalo juu ya sare ya kwaya, akalivua mlangoni, akalining'iniza kwenye msumari ambao nadhani aliupigilia mwenyewe.

Vijana wa boda boda walimwogopa na kumfuata kwa kiasi kilekile. Kijana akianguka, hakwenda hospitali kwanza. Alikwenda Umoja, kwenye kibaraza cha Nesi. Aliwaosha vidonda, akawashona waliohitaji kushonwa, na muda wote huo aliwatukana. "Kichwa hiki umekiazima wapi? Mwenyewe akikitaka utamrudishia hivi?" Kijana akilalamika kwamba dawa inachoma, Nesi aliongeza dawa. Pesa hakuchukua. Alichotaka ni kijana ampigie mama yake simu palepale, amwambie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alikuwa akiendesha bila helmeti. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakilia pale kibarazani, na si kwa sababu ya kidonda.

Alikuwa na msemo wake: "Maumivu hayadanganyi. Mwongo ni mgonjwa."

Mwanamke huyu aliyekuwa akitoka Nairobi alfajiri na kufika Vihiga, nyumbani kwa mumewe, kabla jua halijatua, alikuwa akiogopa lifti. Rafiki yake wa kwaya alihamia Pipeline, ghorofa za juu kabisa za jengo moja, na Nesi alipokwenda kumtembelea alipanda ngazi zote kwa miguu, akipumzika kila kona na kuwasalimu wapangaji. Alipofika juu alikuwa anawajua nusu ya watu wa jengo lile, na wawili alikuwa amekwisha kuwaambia waende wakapimwe presha. Kuvuka barabara kwa miguu pia hakuthubutu. Angetembea mpaka kwenye daraja la waenda kwa miguu, hata kama ni mbali na jua ni kali. Nilimuuliza siku moja inakuwaje aogope barabara akiwa chini na asiiogope akiwa juu ya pikipiki. Akasema, "Nikiwa juu najua nani anaendesha."

Basi mwanamke huyo mwangalifu ndiye aliyeniletea tairi ambalo nusura linivunje moyo.

Wakati huo mumewe alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto viliisha nguvu, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama maji ya mfereji siku za mgao. Sisi tulijua yuko nyumbani, anauguzwa na mkewe, na tukaona hapo amebahatika. Nesi aliendelea na safari zake. Mwisho wa mwezi Machakos, kwa ndugu zake. Sikukuu zikifika, Vihiga. Hatukumuuliza mzee anabaki na nani. Tulidhani binti yao, ambaye ana duka la vitambaa Eastleigh, huja kukaa naye.

"Fundi," Nesi aliniambia asubuhi moja, "hii mashine inanisumbua. Nikishuka mteremko wa Mai Mahiu, nikiachilia mafuta kidogo tu, usukani unaanza kucheza mikononi. Kama mtu anayetikisa kichwa kusema hapana."

Nikachutama. Tairi la mbele lilikuwa limelika upande wa kulia kuliko wa kushoto, na halikulika sawasawa. Lilikuwa na mabonde-mabonde. Ukipitisha mkono kwenda mbele unateleza, ukiurudisha unakwaruzwa. La nyuma nalo lilikuwa limelika upande uleule.

Nilianza na upepo, maana nusu ya magonjwa ya tairi ni njaa. Upepo ulikuwa sawa. Nesi aliupima mwenyewe kila safari. Nikamweleza kwamba barabara zetu zimeinuka katikati na kushuka kandokando, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, tairi hugusa lami zaidi upande wake wa kulia. Kulika kidogo upande huo ni jambo la kawaida.

"Kidogo," akasema. "Wewe unaona hii ni kidogo?"

Sikuona hivyo. Nikafunga uzi mrefu kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, huku na huku, nione kama yamenyooka kwenye mstari mmoja. Yalikuwa yamenyooka. Nikatoa beringi za magurudumu, nikaziangalia, nikatia mpya. Nikafungua shingo, pale usukani unapozungukia, nikakuta beringi zimelegea kidogo tu. Nikashangilia kana kwamba nimekamata mwizi. Nikazibadilisha pia. Nikamtafutia tairi jipya la mbele, nikalibalansi, na Jumapili mapema, barabara ikiwa tupu, nikaipeleka pikipiki mwenyewe mpaka mbali kwenye barabara ya Kangundo. Nilikimbiza, nikaachilia mafuta, nikaondoa mkono mmoja. Ilikwenda kama imelala usingizi.

Nikamrudishia kwa fahari. Baada ya safari chache akarudi. Alilisimamisha lile dude mbele yangu, akaninyooshea kidole kwenye tairi. Kulia, tena. Mabonde yaleyale.

"Unabeba nini, Mama?" nikamuuliza. "Nyuma ukijaza sana, mbele panakuwa pepesi, usukani unacheza."

"Mzigo wa kawaida."

"Umeugawa sawa pande zote mbili?"

Akaanza kuvaa glavu. "Najitahidi kuugawa."

Sikulala vizuri siku zile. Pikipiki ndogo ikinishinda, najua imechoka. Hii haikuwa imechoka. Na mwenye pikipiki alikuwa mtu ambaye, usukani ukicheza vibaya siku moja pale mteremkoni, tungeenda kumchukua akiwa amefunikwa shuka. Nilimwambia hivyo waziwazi. Akanitazama kwa macho ya huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa hatarini, akaniambia nikaze kila kitu tena.

Jumamosi moja aliacha glavu zake bandani. Nilijua keshoye anasafiri, kwa hiyo asubuhi yake nikapita Umoja kumpelekea. Geti lilikuwa wazi kidogo. Pikipiki ilikuwa imesogezwa mpaka kwenye ngazi ya kibaraza, imeegeshwa kwa stendi yake ya katikati. Nesi alikuwa amekaa mbele, helmeti kichwani. Nyuma yake alikuwa amekaa mumewe.

Walikuwa wamefungwa pamoja kwa leso, kiuno kwa kiuno, fundo likiwa mbele tumboni kwa Nesi. Mkono mzima wa mzee ulishika koti la mkewe. Ule mwingine ulikuwa umeingizwa kwenye mshipi wa Nesi, nao umefungwa kwa kitambaa. Na mzee alikuwa amelalia kushoto, mwili mzima, kama mti uliopigwa na upepo wa upande mmoja miaka yake yote.

"Usisimame hapo kama askari," Nesi akasema bila kugeuka. "Ingia ufunge geti."

Nikafunga. "Mama, huu ndio mzigo wa kawaida?"

"Ndio huu. Tangu harusi."

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu tairi la kwanza," akasema. "Yeye analala kushoto, mimi naivuta kulia tusianguke. Tairi linalika pale ninapovutia. Akisinzia, uzito unahama, na ndipo usukani unapotikisa kichwa."

"Na ukaniacha nifungue shingo nzima!"

"Nilitumaini utakuta kitu kingine, fundi. Kitu cha spana. Na ningekuambia, ungenikataza."

"Hata sasa nakukataza."

Aliyejibu ni mzee. Ilimchukua muda, na mimi na Nesi tukangoja, kila mmoja akitazama pembeni ili asimharakishe.

"Kijana," akasema. "Mimi nimeendesha... mpaka Kigali. Nimeendesha... mpaka Lubumbashi. Sasa..." Akavuta pumzi. "Sasa naendesha kitanda."

Nesi, ambaye nilimwona akishona vichwa vya watu bila kupepesa macho, alianza kuchezea lile fundo la leso. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Ndipo nilipoona kwamba anaogopa, na kwamba alikuwa akiogopa kila safari, kila mteremko, miezi yote ile.

"Mama," nikamwambia, "kijana wa boda boda akikujia kibarazani amembeba mgonjwa hivi, utamwambia nini?"

"Nitamtukana."

"Basi jitukane tumalize, halafu tufikirie la kufanya."

Na kweli alijitukana. Kwa Kikamba kwanza, ambacho mimi sikielewi vizuri, kisha kwa Kiswahili, ili nisikose kitu. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Safari ya siku ile haikuwepo. Tulimshusha mzee polepole, tukamkalisha kibarazani, tukanywa chai.

Wazo la kigari cha pembeni lilitoka palepale kwenye chai, na sikumbuki nani alilisema kwanza. Nina rafiki mchomeleaji Kariobangi, mtu asiyeuliza maswali mengi. Nilimchorea kwenye mchanga kigari chenye gurudumu moja, cha kufungwa ubavuni kwa pikipiki, upande wa kushoto. Alikuna kichwa, akasema ameshawahi kutengeneza kitu cha kubebea mbuzi, huyu mzee hatakuwa mzito sana. Kiti tulikitoa kwenye gari kuukuu, tukakiwekea mshipi wa kifuani, mto wa kuegemea upande wa kushoto, na kioo cha kukinga upepo mbele.

Si kwamba kilikaa sawa mara moja. Mara ya kwanza kilivuta pikipiki yote kushoto, na Nesi alinusurika kuingia kwenye kibanda cha muuza ndizi. Tukageuza gurudumu lake kidogo liangalie ndani. Likaanza kula tairi kwa upande mwingine. Tukalegeza, tukainua, tukajaribu tena. Nesi alijifunza kuendesha upya, maana kitu chenye magurudumu matatu hakilali kwenye kona. Unakizungusha kwa mabega. Jioni mabega yalimuuma, lakini hakulalamika. Alikuwa na hasira ya mtu anayetaka kuweza.

Binti yao alikuja siku ya majaribio ya mwisho. Alisimama getini, mkono mdomoni.

"Mama! Unamtia Baba kwenye toroli?"

Nilikuwa nimemwekea mzee kitufe cha honi upande wa mkono wake mzima. Akakibonyeza, akakishikilia, mtaa mzima ukatoka nje. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Binti alilia kidogo, kisha akaenda ndani kutafuta blanketi la kumfunika baba yake miguu.

Walisafiri hivyo kwa miaka. Usukani haukutikisika tena, na mimi nikaanza kulala. Lakini Nesi hakufurahi kama nilivyotazamia. Siku moja alipokuja kubadilisha mafuta, mzee akiwa amesinzia kigarini, alinivuta pembeni.

"Umefanya kazi nzuri, fundi. Sitasema vingine. Lakini sasa mgongo wangu una baridi."

Nikaweka chini kopo la mafuta.

"Zamani alikuwa juu, anaona mbele kwa bega langu," akaendelea. "Nikikosea gia ananifinya. Sasa nimemshusha chini kama gunia la viazi. Huko chini anaona nini? Matairi ya malori. Na halalamiki. Mtu ambaye analalamikia chumvi ya mboga, hili halalamikii. Hilo ndilo linaniogopesha."

"Muulize," nikasema.

"Nimemuuliza. Anabonyeza honi."

Mzee alifariki Vihiga, wakati wa kuvuna mahindi, kitandani, mkewe akiwa kando yake. Baada ya mazishi Nesi alirudi Nairobi kwa pikipiki peke yake, kigari kitupu kikiruka-ruka ubavuni. Watu walisema anajitesa. Alipopita bandani nilimuuliza kama nikifungue.

"Kiache kwanza," akasema, na wala hakuchutama kugusa tairi.

Baada ya hapo safari zikapungua. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, na yeye ambaye aliwapeleka nusu ya mtaa hospitali kwa nguvu akawa anakwepa ya kwake. Binti ndiye aliyembana mpaka akakubali kupasuliwa, na pikipiki iuzwe. Nesi alinipigia simu mwenyewe. Nikampata mnunuzi Donholm, mtu na mkewe wanaopenda safari, ambao walifurahia hasa kile kigari kwa sababu wana mbwa.

Alipokwisha kupasuliwa na macho kupona, nilikwenda kuichukua alasiri moja. Nesi alitoka ndani amevaa viatu vya kanisani na lile koti la Gikomba. Niliposema kwamba kuagana na vyuma kusichukue muda mrefu, alinikatiza.

"Kabla hujaipeleka, nitembeze. Mpaka barabara ya Kangundo na kurudi."

"Haya Mama, kaa nyuma yangu."

"Nyuma yako nina kazi gani? Nataka pale." Akanyoosha kidole kwenye kigari.

Ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kukaa mle. Aliyaendesha yale magurudumu matatu Machakos na Vihiga, akapandisha milima, akanyeshewa nayo, lakini hajawahi kukaa mle. Nikamshika mkono, akaingia mguu mmoja, akasimama, akaingia wa pili, akashuka kwenye kiti taratibu huku akinung'unika kwamba mchomeleaji wangu hakuwafikiria wanawake. Nikamfunga mshipi.

Niliendesha polepole. Tulipita wauza mboga, tukapita watoto waliotoka shule, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa juu yetu. Watu walimtambua. "Nesi! Nesi, umekuwa mdosi!" Nilipotazama chini nilimwona ameinua uso, anaangalia juu upande wangu, anaangalia tu. Nilipofika barabara kuu nikasimama pembeni.

"Uko sawa, Mama?"

"Naona kidevu chako," akasema. "Umekosea kunyoa hapa chini." Akakigusa kile kioo cha mbele. "Ukikaa huku, dereva unamwona mzima. Mikono, shingo, anavyouma midomo akiona lori. Na hakuna upepo huku, kioo kinauzuia. Nilivyokuwa nikimtukana kila dereva njiani, nilivyokuwa nikiimba, nilidhani upepo unachukua yote."

"Mzee alikuwa anasikia?"

"Wewe umesema kitu sasa hivi, kabla ya kusimama. Umesema, 'Pole pole, huyu ni mgonjwa.'"

Kweli nilikuwa nimesema hivyo, kwa sauti ya chini, nikijiambia mwenyewe.

Nesi akafuta macho kwa kiganja, yote mawili, bila haya. "Kumbe alikuwa mahali pazuri," akasema. "Sikujua. Miaka yote ile, alikuwa mahali pazuri."

Tukageuza. Nilipofika getini kwao nikazima injini, nikashuka nimfungue mshipi. Akauzuia mkono wangu.

"Yule wa Donholm ana haraka?"

"Hapana, Mama."

"Basi zunguka tena," akasema, akaegemea mto.

Nikawasha, nikazunguka tena.